Sauti Moja, Maana Mbili

Katika wilaya ya Kilosa, kama kwingineko nchini, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hudaiwa ayafahamu masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Maadamu mzigo huo ungali mabegani mwa mtoto, hatuna budi kuuliza anafundishwaje kuubeba.

Mbinu moja inayosifiwa ni ya jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: *ship*, yaani meli, na *sheep*, yaani kondoo. Mbinu yenyewe hatuipingi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Si ajabu basi *hat*, *hut* na *heart* yakatoka vinywani mwetu kwa "a" ileile. Tunachokipinga ni kuigeuza mbinu hii kuwa wimbo usio na maana, na kosa la ulimi kuwa kichekesho. Mtoto aliyechekwa leo, kesho hanyoshi mkono. Na asiyenena hajifunzi lugha yoyote.

Jozi na zitoke katika maisha. Mji wa Mikumi, uliomo katika wilaya hiyohiyo, umepakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kijana atakayewaongoza wageni humo sharti atofautishe *live* na *leave*: la kwanza lasema simba wanaishi hapa, la pili kwamba wanaondoka. Hapo sauti si pambo, ni usalama wa watu.

Wapo wenzetu wanaodhani shabaha ni kusema kama mzaliwa wa London. Hiyo ni kasumba. Mskoti na Mnaijeria husema Kiingereza kila mmoja kwa lafudhi yake, nao huelewana. Tena hao wanaomcheka mtoto kwa *ship*, mbona hunyamaza anapochanganya kura na kula, mahari na mahali? Mtoto akishatambua kwamba "r" na "l" huamua kama baba yake anatafuta mahari au mahali, atajua upesi ni nini anachotakiwa kukisikiliza katika lugha ya kigeni.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kilosa na Mikumi waanzie hapo: jozi za Kiswahili kwanza, maana kabla ya sauti, na kicheko cha dharau kipigwe marufuku darasani.