Ndizi zavuka Holili, mbege yabaki nyumbani

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka soko la Taveta na chupa mbili za bia ambazo sikuzinunua. Alinipa mteja wangu wa ndizi, mama tuliyefanya naye biashara miaka mingi, kwa sababu kijana wake ameanza kazi katika kiwanda kidogo cha bia huko Nairobi. "Kaonje nyumbani, dadangu," aliniambia. "Hii si ile mliyoizoea. Hii ni ya ngano."

Mimi si mtaalamu wa vinywaji. Nauza ndizi na vitunguu. Lakini jioni ile nilijifunza jambo kuhusu mpaka wetu ambalo miaka yote ya kupita Holili haikunifundisha, na naona niwaeleze wafanyabiashara wenzangu.

Nilimimina chupa ya kwanza mbele ya shangazi yangu, ambaye hutengeneza mbege ya kuuza. Povu lilipanda hadi mdomo wa glasi. Chini ya povu bia ilikuwa na rangi ya asali changa, tena yenye ukungu, hata nikadhani imeharibika. Kumbe ndivyo ilivyo. Bia ya ngano ya namna hii haichujwi, na ule ukungu ni chachu na protini za ngano. Lebo ilishauri chupa izungushwe kidogo mwishoni ili masimbi ya chini yaingie kwenye glasi.

Shangazi alinusa kwanza, kama anavyonusa pipa lake. "Mwanangu, hawa wametia ndizi." Akaonja. "Na karafuu."

Tulisoma lebo pamoja: maji, kimea cha ngano, kimea cha shayiri, hopi na chachu. Ndizi haimo. Karafuu haimo.

Baadaye nilisoma na kuelewa. Chachu inayotumika kwa bia za ngano za asili ya Ujerumani, inapokula sukari ya kimea, huzalisha harufu kadhaa. Mojawapo ni isoamili asetati, kiungo kilekile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Nyingine hufanana na karafuu. Kwa maneno mengine, Wajerumani wana bia inayonukia ndizi bila kuwa na ndizi, nayo inauzwa dunia nzima kwa sifa hiyo. Sisi tuna pombe yenye ndizi zenyewe, na haijavuka kilomita chache kutoka Himo hadi Taveta.

Linganisheni kazi yenyewe. Shangazi huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, huziacha zipoe na kuchachuka, kisha huzichuja. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa kama uji, ndipo huchanganywa na maji ya ndizi. Magome ya msesewe huleta uchungu. Ulezi ulioota ndicho kimea chake, na msesewe hufanya kazi ya hopi. Ujuzi ni wa aina moja. Tofauti ni chupa, lebo na karatasi.

Alipomaliza glasi yake, shangazi aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Kikundi chao cha vikoba kinafikiria kukopa ili kinunue mtambo mdogo wa kujaza chupa, kwa sababu mbege ya kawaida haikai zaidi ya siku chache. "Wewe unayejua mpaka," akasema, "tukiitia kwenye chupa, utatuuzia Taveta?"

Nilipaswa kumjibu ukweli. Ndizi zake navusha kila wiki. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, tunajaza cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na hatulipi ushuru wa forodha. Ukiwa na karatasi za afya ya mimea, unapita. Ulezi nao unapita hivyo. Lakini ndizi na ulezi vikishachanganywa na kuchachuka, vinakuwa kileo, na kileo kina mlango mwingine.

Wengi wetu hatutofautishi ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Ule wa kwanza ndio Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005, ulikuja kuuondoa kwa bidhaa zetu wenyewe. Ule wa pili ni kodi ya ndani, na kila nchi inajipangia. Kenya ina stempu yake ya ushuru kwenye chupa, Tanzania ina yake, Uganda ina yake. Stempu ya nchi moja haitambuliwi na nyingine. Anayetaka kuingiza kreti 10 tu za bia kihalali anahitaji leseni ya kuagiza, usajili wa kodi na stempu za nchi anakouza, sawa na anayeingiza malori 10. Kampuni kubwa ina ofisi ya kufanya hayo, au inajenga kiwanda kila upande wa mpaka. Kikundi cha akina mama 15 hakina uwezo huo.

Cha kushangaza, kwenye ubora tumeshapiga hatua. Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama moja ikubalike katika nchi nyingine. Yaani tumekubaliana kuaminiana kuhusu usalama wa kinachoingia tumboni, ila hatujakubaliana kuaminiana kuhusu kibandiko cha kodi.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Pombe haramu imeua watu katika nchi zetu. Kirinyaga, Kenya, ililia Februari 2024. Serikali zinahitaji stempu ili zijue nani ametengeneza nini, na zinahitaji mapato. Pia zipo familia nyingi zilizoumizwa na ulevi, na sitaki kuandika kana kwamba hazipo. Lakini mlango ukiwa mwembamba kiasi hiki, anayefaidika ni anayepita njia za panya. Yeye hana alama ya ubora wala stempu, na chupa yake hakuna aliyeipima. Anayetaka kulipa kodi ndiye anayeachwa nje.

Hata hiyo bia ya ngano ina historia ya kutufundisha. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitangaza kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopi na maji tu. Ngano haikutajwa. Hata hivyo bia ya ngano haikufa. Ilibaki kuwa haki ya wachache waliopewa kibali, na tangu mwaka 1602 mtawala mwenyewe aliishika biashara hiyo na kuvuna mapato yake. Ilichukua hadi mwaka 1872 kwa Georg Schneider, mtengenezaji wa bia wa Munich, kupata haki ya kuitengeneza, wakati ambapo wanywaji wake walikuwa wamepungua sana. Jina la Schneider bado liko kwenye chupa za bia ya ngano hadi leo. Kinywaji hakikuwa na kasoro. Kilichokuwa kimebana ni kibali.

Sisi tusisubiri miaka 270. Sidai ushuru wa bidhaa ufutwe. Ninadai mambo matatu ambayo hayahitaji mkataba mpya.

Kwanza, kiwekwe kiwango cha mtengenezaji mdogo, kama tulivyowekewa cha dola 2,000 kwenye forodha. Chini ya kiwango hicho, ushuru wa nchi anakouza ulipwe palepale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani na stempu zitolewe hapohapo, kwa idadi ndogo, bila leseni ya mwagizaji mkubwa.

Pili, mamlaka za kodi zisomeane stempu. Stempu za siku hizi ni za kielektroniki. Simu inaweza kuzithibitisha. Kama simu ya Taveta inapokea pesa kutoka Himo, haishindwi kusoma kibandiko cha Himo.

Tatu, vinywaji vyetu vya asili vilivyotiwa kwenye chupa na kupata alama ya ubora, iwe mbege ya Kilimanjaro, rubisi ya Kagera au urwagwa wa Rwanda, viingizwe kwenye orodha za bidhaa zinazotumia cheti rahisi cha uasili. Orodha hizo hupitiwa upya. Hazikushuka kutoka mbinguni.

Hapa ndipo zamu yetu inapofika. Bajeti za nchi zetu husomwa Juni, na mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya hapo kulinganisha viwango. Viwanda vikubwa huwa vimeshapeleka maoni yao. Sisi wa mpakani hulalamika Julai. Vyama vyetu vya Holili, Namanga, Sirari, Mutukula na Busia viandike mapema, barua moja yenye hoja hizi tatu, vipeleke nakala kwa wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha.

Shangazi nilimjibu hivi: mkope kidogo, mpate kwanza alama ya ubora na muuze Moshi na Arusha, mkopo wa kutegemea soko la Taveta msiuchukue mwaka huu. Hakupenda. Alisema mteja wangu wa Taveta ameweza kumletea bia ya mtoto wake, naye hana namna ya kurudisha zawadi hiyo zaidi ya kumpelekea mkungu wa ndizi.

Mkungu huo nitaupeleka Jumatano.