Tarehe ya tamasha Bagamoyo ni mtaji wa mkulima

BAGAMOYO ni mji mdogo wenye chuo chenye jina kubwa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Wacheza ngoma, waigizaji, wanasarakasi na wanamuziki wengi wa Tanzania wamepitia katika madarasa yake.

Tangu mwaka 1982 chuo hicho kimekuwa kikiandaa tamasha la kila mwaka, ambapo vikundi kutoka mikoani na nje ya nchi hukutana kuonyesha ngoma, maigizo na muziki. Zaidi ya hapo, wanafunzi nao huwa na maonyesho yao nyakati mbalimbali za mwaka. Kwa msanii, hayo ni mambo ya jukwaani. Kwa mkulima, mvuvi na mama lishe, hilo ni soko linalomfuata mlangoni.

Mgeni wa tamasha hula asubuhi, mchana na jioni. Hulala gesti, hupanda bodaboda, hununua kinyago na mkeka. Swali ambalo wadau wa mji huo wanapaswa kujiuliza ni je, nanasi analokula mgeni huyo limetoka Kiwangwa au limetoka sokoni Dar es Salaam? Kuku aliye mezani amefugwa na nani?

Jibu linategemea sana jambo moja ambalo mara nyingi huonekana dogo, nalo ni tarehe. Tamasha hilo limewahi kufanyika Septemba, na limewahi kufanyika Oktoba. Kwa mtazamaji, tofauti ya wiki nne si kitu. Kwa mzalishaji, wiki nne ni faida au hasara.

Chukua mfano wa mfugaji mwenye kuku 100 wa nyama. Kuku hao huwa tayari kuuzwa baada ya wiki tano hadi sita. Wakishakomaa, hula takriban kilo 15 za chakula kwa siku. Shughuli ikisogezwa mbele kwa wiki moja tu, mfugaji huyo atalisha zaidi ya kilo 100, yaani mifuko miwili ya kilo 50, bila kuuza hata kuku mmoja. Kama mtaji ni wa mkopo wa VICOBA, marejesho hayasubiri.

Mkulima wa mananasi ana kibarua kigumu zaidi. Nanasi huchukua mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu kupandwa hadi kuvunwa. Wapo wakulima wanaotumia dawa ya kuchanulisha maua ili mavuno yaje kwa wakati wanaoutaka, lakini hata hapo inabidi kusubiri miezi mitano hadi sita. Mkulima anayesikia tarehe mwezi mmoja kabla hawezi kufanya lolote, isipokuwa kuuza kile ambacho shamba limempa kwa bahati. Mwenye mchicha ana nafuu, maana wiki tatu au nne zinamtosha.

Hata wavuvi wanahusika. Wanaovua dagaa kwa taa hupata zaidi usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno hupungua. Akijua mapema kwamba tamasha litaangukia mwezi mpevu, muuza dagaa atakausha na kuweka akiba.

Hivyo basi, kalenda ya shughuli za mji inapaswa kutangazwa angalau mwaka mmoja kabla, ikionyesha tamasha kuu, maonyesho ya wanafunzi na mahafali. Tangazo hilo lisiishie Dar es Salaam na kwa wafadhili. Libandikwe katika ofisi za vijiji na kata, sokoni na mwaloni, na maofisa ugani wakae na vikundi vya wakulima kuhesabu siku kwa kurudi nyuma.

Wapo watakaosema kwamba waandaaji hawawezi kujifunga mapema kiasi hicho, kwa sababu fedha na vikundi vya wageni huthibitishwa kwa kuchelewa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini orodha ya vikundi inaweza kukamilika baadaye wakati tarehe ilishajulikana. Nane Nane haisubiri mfadhili, na kila mkulima anajua ni lini. Tamasha lenye umri wa zaidi ya miaka 40 linaweza nalo kuwa na wiki yake isiyohamishika.

Wafanyabiashara wadogo nao wasisubiri kutafuniwa. Kosa la kawaida katika sherehe nyingi ni watu 20 kupanga meza mstari mmoja, wote wakiuza soda na chipsi. Mwenye kikundi cha mwani wa Mlingotini auze sabuni ya mwani, ambayo mgeni haioni kila siku. Wakulima wauze mananasi kwa makubaliano ya mapema na wenye gesti na mama lishe, badala ya kupanga mafungu juani na kuyatupa jioni. Halmashauri kwa upande wake ihakikishe wenye meza ndogo hawasukumwi pembezoni, mahali ambapo mgeni hafiki.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bagamoyo wageni hawajawahi kukosekana. Ila mwenyeji hawezi kupona ikiwa siku ya mgeni kufika anaisikia wakati kuku wake ndiyo kwanza vifaranga na nanasi lake halijachanua.