Wanaojitolea nao huhitaji msimamizi

Mwezi Julai 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipokutana New Delhi, iliuingiza mji wa kale wa Gede, ulio karibu na Malindi, katika orodha ya urithi wa dunia. Wakenya tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Hata hivyo, katika shangwe zile tulisahau kuuliza swali moja dogo: je, magofu hayo yaliwezaje kusalimika hadi leo?

Jibu ni kwamba palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuyatunza. Gede ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mnamo 1927. Mwaka 1948 ilifanywa hifadhi ya taifa, na James Kirkman akateuliwa kuwa mlinzi wake. Ndiye aliyeongoza uchimbuzi uliotufunulia misikiti, kasri na makaburi yake. Mwaka 1969 usimamizi ulihamia Makavazi ya Kitaifa. Aidha, tangu 1993 wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo wa kuuzwa nchi za nje, katika mradi wenye makao yake papo hapo Gede. Kwa hiyo jirani naye akapata sababu ya kutaka msitu ubaki.

Sasa na tutoke pwani twende Ukambani. Msafiri atokaye Kitui kuelekea Migwani na Mwingi hupita Kabati, nilikozaliwa. Ni wachache wapitao hapo wanaokumbuka kwamba ilikuwa katika nchi hii ya Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona mlima wenye theluji. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba jina alilolinakili kutokana na matamshi ya Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la taifa letu. Tena karibu na mji wa Kitui lipo jabali la Nzambani, ambalo kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, mtu akilizunguka mara saba hubadilika jinsia. Hatuna upungufu wa historia. Tulichopungukiwa ni mtu wa kuulizwa habari zake.

Yamkini msomaji atasema: vijana wako, wajitolee. Ni kweli wako, na moyo wanao. Lakini niliwahi kushuhudia moyo huo ukileta hasara. Katika eneo moja la kale, ambalo sitalitaja, kundi la vijana lilifika asubuhi na mapema kufanya usafi. Hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Wakafyeka vichaka, kisha wakaokota mawe yaliyotapakaa na kuyarundika vizuri kando ya njia. Jioni walikwenda zao wakifurahi. Mawe yale yalikuwa msingi wa ukuta wa zamani, na mpangilio wake ndio uliokuwa ushahidi pekee wa namna wenyewe walivyoishi. Siwalaumu vijana hao hata kidogo. Namlaumu ambaye hakuwapo.

Nikiwa mwanaisimu, naomba ruhusa nilitazame neno lenyewe. Kitenzi 'toa' kikipewa mnyambuliko wa kutendea huwa 'tolea'. Kikitanguliwa na 'ji' huwa 'jitolea'. Kiambishi hicho humrudia mtenda mwenyewe. Mtu aweza kujitolea. Hawezi 'kumjitolea' mwenzake, kwa kuwa sarufi inakataa. Lakini siku hizi tunasikia kwamba vijana 'wamepewa kazi ya kujitolea', nao hukaa humo miaka miwili au mitatu wakiongoza wageni na kulinda mali ya umma bila hata nauli. Huko si kujitolea. Ni ajira isiyokuwa na mshahara, iliyovishwa jina zuri.

Wakamba tunaijua vyema tofauti hii kwa sababu ya mwethya, desturi yetu ya kufanya kazi kwa pamoja. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi hiyo. Baadaye, makundi ya mwethya yalipojichagulia viongozi na kufanya kazi katika mashamba yao wenyewe, matuta yalienea. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha jinsi wilaya ya Machakos ilivyopunguza mmomonyoko wa udongo hata watu walipokuwa wakiongezeka. Mkono ulikuwa ule ule na jembe lile lile. Kilichobadilika ni nani anayeongoza na nani anayefaidika.

Hali kadhalika mabwawa ya mchanga yaliyojengwa Kitui tangu miaka ya 1990. Wanakijiji walileta mawe, mchanga na nguvu zao. Mfadhili akaleta saruji na fundi. Hakuna aliyetarajia kwamba ukuta utasimama bila fundi ati kwa kuwa wabeba mawe ni wengi.

Basi ninalopendekeza ni jambo dogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la makavazi, shughuli za utamaduni na bustani za kaunti. Kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu. Kila kaunti na iajiri, kwa msimu na kwa mshahara, msimamizi mmoja katika kila eneo lake la kale. Kazi yake iwe kuandikisha wanaojitolea, kuwafundisha kisichoguswa, kuwagawia zamu na vifaa, kuwapokea wageni na kuweka kumbukumbu za yote yaliyofanyika. Awe mtu anayeijua kalenda ya mahali hapo. Agosti ni kiangazi, na shule zimefungwa. Ndio wakati wa kufyeka na kukarabati. Desemba jamaa wanarudi nyumbani na wageni ni wengi, lakini mikono mingi imo mashambani ikipalilia. Asiyejua hayo atapanga kazi isiyokuwa na watu.

Wapo watakaosema kwamba maji na hospitali vitangulie. Sipingi. Lakini mshahara wa mtu mmoja kwa miezi mitatu au minne hauwezi kuikausha hazina ya kaunti, na jiwe likishaondolewa mahali pake hakuna bajeti itakayolirudisha.

Kwenu walimu, ninyi mnaofunza kwa Mtaala wa Umilisi, unaotaka mwanafunzi ajifunze kwa kuihudumia jamii, nina ombi. Kabla ya kulipeleka darasa mahali pa kale, ulizeni: ni nani atakayetupokea, na ni nani atakayejibu kesho kwa tutakalolifanya leo? Kama hapana jina linalotajwa, andikeni barua kwa kaunti kwanza. Nanyi wanafunzi, jitoleeni bila kusita, lakini mtake kuonyeshwa mpaka wa kazi yenu na siku ya mwisho wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni juu ya kaunti zetu kuhakikisha kwamba yupo wa kumtunza.