Tunataka Jibu kwa Maandishi: Ilani ya Watu Wenye Ulemavu wa Timau

Sisi ni wakaazi wa Timau na vijiji vinavyoizunguka, kutoka Ngusishi na Kisima hadi Ntirimiti na Ngare Ndare. Wengine wetu hatuoni, wengine hatusikii, wengine tunatembea kwa magongo au kwa viti vya magurudumu. Wengine ni akina mama na nyanya wanaolea watoto wasioweza kujilisha wala kujigeuza kitandani. Tunaanzisha vuguvugu lenye dai moja: kila anayeomba msaada wa serikali kwa sababu ya ulemavu apewe jibu, jibu hilo liandikwe, na sababu zake zitajwe.

Hapa kwetu ni nadra mtu kuambiwa hapana. Anaitwa barazani, anaandikishwa, kitambulisho chake kinanakiliwa, kisha anaambiwa majina yamepelekwa. Akiuliza baada ya miezi kadhaa, majina hayajarudi. Akiuliza tena, mtandao uko chini, au afisa amehamishwa, au orodha imejaa. Laiti angeambiwa hapana, angekata rufaa. Kimya hakikatiwi rufaa.

Katiba ya mwaka 2010 haikukusudia tuishi hivyo. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 47 kinasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya ofisi ya umma, au inaelekea kuathiriwa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Mei 2025 tulipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, kutokana na mswada ulioletwa na Seneta Crystal Asige, mwenyewe mwenye ulemavu wa macho, nayo ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hiyo hatuombi sheria nyingine. Tunataka zilizopo zitufikie Timau.

Na tuambiane ukweli sisi kwa sisi, maana vijijini watu wengi hudhani kadi ya ulemavu ndiyo pesa. Sivyo. Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya mtu kupimwa na wahudumu wa afya katika hospitali iliyoidhinishwa na ripoti yake kukubaliwa. Ukiwa nayo unaweza kuomba vifaa, karo, au msamaha wa kodi. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, zina mlango wao. Sehemu yake ya walio na ulemavu mkali ilianza mwaka 2011, nao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Ili kukubaliwa, haitoshi uwe na ulemavu: lazima uwe unahitaji mtu wa kukuhudumia muda wote, kaya yenu iwe maskini sana, na asiwepo mwenye mshahara wala pensheni wala msaada mwingine wa aina hiyo.

Hebu mtazame anayebaki nje. Kijana mwenye mguu mmoja anachambua viazi kwa kibarua cha siku, msimu ukiwepo. Kwa kuwa anajivalisha na kujilisha, ulemavu wake hauhesabiwi kuwa mkali. Anaambiwa kuna msamaha wa kodi: shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi hazitozwi. Lakini mwajiriwa anayelipwa chini ya shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara hata akiwa mzima wa viungo. Basi msamaha huo unamfaa mwenye mshahara mnono mjini, wala haumwongezei kijana huyu hata senti. Kwa Inua Jamii anaonekana mzima mno, na kwa msamaha wa kodi ni maskini mno. Timau imejaa watu wa namna yake, na hakuna fomu iliyowafikiria.

Mtazameni pia mlezi. Mama anayemhudumia mtoto mchana na usiku hawezi kwenda mashamba ya maua wala kulima ngano ya mtu. Zile 2,000, ambazo hazijapanda kwa zaidi ya miaka 10, ndizo mshahara wake, chakula cha mtoto na nepi zake. Tunasema hazitoshi, na tutaendelea kusema.

Kisha kuna barabara. Nanyuki iko karibu nasi, lakini iko kaunti ya Laikipia. Ofisi za kaunti yetu ziko mji wa Meru, mbali zaidi. Safari ya kupimwa ni nauli ya mwombaji, nauli ya mlezi, na mara nyingine nauli ya kiti cha magurudumu kilichofungwa juu ya matatu. Ukifika ukaambiwa daktari wa kupima hayupo leo, nauli hiyo hairudishwi. Tunadai jopo la upimaji lije Timau kwa siku zinazojulikana, zitangazwe kanisani, msikitini, sokoni na redioni kwa Kimeru. Aidha, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha rasmi ya Bunge. Isikosekane mkalimani wake kwenye baraza la chifu siku majina yanapoandikwa.

Tutaanza na daftari. Kila ombi kutoka vijijini mwetu litaandikwa humo: tarehe, ofisi, aliyelipokea. Kila mwombaji atapeleka barua yenye nakala mbili, nakala moja igongwe muhuri na kurudi naye. Asiyejua kuandika tutamwandikia. Asiyeweza kufika tutamfuata kwake. Ofisi ikinyamaza, tutaomba taarifa kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Ikizidi kunyamaza, malalamiko yatakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, kwa pamoja, yakiwa na mihuri yote.

Chifu, naibu wake na maafisa wa maendeleo ya jamii si adui zetu. Wengi wao hutumwa kazi bila gari wala karatasi. Waje wakae nasi. Nawe ambaye jina lako lilipelekwa na halijarudi, njoo na kitambulisho na karatasi yoyote uliyopewa. Kama hukupewa karatasi, njoo hivyo hivyo, tuandike ya kwanza.