Likizo ya Mpagazi



Kila Desemba ndugu zetu walio Dar es Salaam hupewa likizo wakarudi nyumbani, na mbege haikosekani. Majuma hayo hayo vijana wetu husimama kwenye lango la Machame na la Marangu wakingoja kupewa mzigo wa mgeni, usiozidi kilo 20. Mgeni huyo naye yuko likizo. Akitoka Umoja wa Ulaya, sheria imemhakikishia walau majuma 4 ya malipo kila mwaka. (Mmarekani hana hakikisho hilo katika sheria ya shirikisho, hutegemea mwajiri wake.)

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Kenya ni 21, lakini za kazi, basi tusijigambe. Ila asiyetimiza miezi 6 kazini hapati, isipokuwa ameajiriwa kwa msimu, au vipindi vyake kwa mwajiri yuleyule vikijumlishwa vizidi miezi 6 katika mwaka. Mpagazi hupanda na kampuni hii leo, na nyingine juma lijalo. Nani atamhesabia?

Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II aliihesabu likizo ya mwaka kuwa haki ya mfanyakazi. Kwa maoni yangu, kila kampuni ichangie mfuko mmoja kwa kila siku mpagazi anayokuwa mlimani, siku hizo zimfuate yeye popote aendako. Ninyi wenye kampuni mnaosali nasi, majina ya waliopanda msimu huu mnayo. Anzeni na hao.