Kuibiwa si Kuibwa

Zamani, nilipokuwa karani kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na Kiingereza cha kubahatisha, baiskeli yangu iliibwa usiku hali imeegemezwa ukutani mwa nyumba niliyopanga, nami, kwa kuwa asubuhi yake nilichelewa kufika kazini, nikaona ni wajibu wangu kumwandikia mkubwa wangu barua ya udhuru katika lugha aliyoipenda yeye kuliko nilivyoijua mimi. Nikaandika kwa hati iliyonyooka na moyo mkunjufu: "I was stolen my bicycle." Barua ilirudi kabla ya adhuhuri, na pembeni mwake, kwa wino mwekundu, mkubwa ameuliza: aliyekuiba ni nani, na amekurudisha saa ngapi? Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka pamoja nao, ingawa sikufahamu kilichochekesha. Ilipita miaka mingi ndipo nilipotambua kwamba siku ile nilichekwa kwa sababu lugha yangu ilikuwa na nafasi ambayo Kiingereza hakina.

Maana Mswahili hupambanua baina ya kuibwa na kuibiwa. Baiskeli imeibwa, mwenye baiskeli ameibiwa. Ni irabu moja tu iliyopenyezwa, nayo ni ile irabu ya kutendea, kisha ikavikwa kutendwa, na kwa irabu hiyo mwenye msiba akapatiwa kiti cha mbele katika sentensi. Kitenzi cha Kiingereza "steal" hakina kiti hicho: kiibwacho ni mali, na mwenye mali hana budi kutafutiwa kitenzi kingine, kama vile "rob", au azungukwe kwa maneno marefu ya kwamba alipatwa na kuibiwa mali yake. Basi mimi niliyekusudia kuibiwa, nikawa nimeandika nimeibwa.

Na wala si kuibiwa peke yake. Mswahili hufiwa na mzazi, hunyeshewa na mvua, hukimbiwa na watumishi, huharibikiwa na gari njiani, tena hujiwa na wageni wakati unga umekwisha. Na kila kimoja katika vitenzi hivi humfanya mtendwa mtu ambaye hakuguswa kwa mkono, ila jambo limemfikia. Hebu mjaribu Mwingereza akuambie kwa neno moja kwamba amejiwa. Ataeleza, atafasiri, atazunguka, na neno lenyewe halitapatikana.

Jambo hili limenirudia juma lililopita, alipoingia barazani kwangu mjukuu wa jirani, binti wa kidato cha kwanza, akiwa na daftari lililokunjwa katikati.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Babu, tumepewa sentensi kumi tuzigeuze. Tisa zimegeuka, hii moja imekataa."

Kurasa mbili zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula, kushoto kauli ya kutenda, kulia kauli ya kutendwa, na nyakati za Kiingereza zimepangwa kushuka chini kama ratiba ya gari moshi. Sentensi iliyokataa ilisema "They have been building a school", yaani wamekuwa wakijenga shule. Na binti, kwa kuifuata kanuni hatua kwa hatua, alikuwa ameigeuza kuwa "A school has been being built by them", akaifuta, akaiandika tena, akaifuta, hata karatasi ikatoboka. Nikamwambia kweli niliyoijua, kwamba kanuni hakuikosea, lakini Waingereza wenyewe hawasemi hivyo ila kwa nadra sana, na kwamba katika zile nyakati kumi na mbili zihesabiwazo na vitabu vya shule, nne aghalabu huachwa kando ifikapo kauli ya kutendwa, na hii ni mojawapo. Akanitazama. "Sasa babu, mbona tumepewa?" Sikuwa na jawabu.

Rai yangu ni kwamba tunaifundisha kauli ya kutendwa ya Kiingereza kana kwamba mtoto hajapata kuisikia kauli ya namna hiyo maishani mwake. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania Bara mtoto husoma masomo yake ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na siku aingiapo kidato cha kwanza Kiswahili hicho huvuliwa mlangoni kama viatu vya msikitini. Tofauti ni kwamba viatu vya msikitini mwenyewe huvirudia. Kisha hupewa jedwali alikariri kwa nafsi zote na nyakati zote, akaimba "I am called, you are called, he is called", na asiambiwe na mtu kwamba yote hayo anayo tayari kinywani.

Tazama viwakilishi, ambavyo ndivyo vinavyowatoa jasho wanagenzi. Wanaambiwa kwamba "him" ikihamia mbele ya sentensi hugeuka "he", na "them" hugeuka "they", nao wanalichukua jambo hilo kwa mastaajabu kama kwamba ni ada ya Waingereza peke yao. Lakini mtoto huyo huyo husema "anakuita", na akiligeuza, "unaitwa": ile "ku" imekuwa "u". Husema "anamwita", kisha "anaitwa": ile "m" imekuwa "a". Hakufundishwa na mwalimu, wala hajui kwamba ni kanuni. Hata visivyobadilika tunavyo: "ni" yetu hubaki ile ile katika "ananiita" na "ninaitwa", sawasawa na "you" yao isiyojali imekaa mbele au nyuma.

Nyakati nazo ni vivyo hivyo. Barua inaandikwa, iliandikwa, imeandikwa, itaandikwa. Hilo "andikwa" limesimama kama nguzo, na wakati umetangulia mbele yake. Mwingereza naye husema "is written, was written, has been written, will be written", na "written" yake haitikisiki, mzigo wote wa wakati umechukuliwa na maneno yaliyo mbele. Safu hizi mbili zikiandikwa ubaoni bega kwa bega, nusu ya jedwali imekwisha kufahamika kabla chaki haijavunjika.

Ama mtenda, tukitaka kumtaja, sisi humleta kwa "na", na chombo tukakileta kwa "kwa": nazi imekunwa na mama kwa mbuzi. Kiingereza hutenga vivyo hivyo, "by" kwa mama na "with" kwa mbuzi, na mwanafunzi achanganyaye mawili hayo akumbushwe tu nazi ya kwao, kwani hakuna nyumba ya pwani ambamo nazi hukunwa na mbuzi.

Sisemi kwamba lugha hizi mbili ni pacha. Kuna mahali zinapoachana, na hapo ndipo mwalimu angepaswa kutumia saa zake anazozipoteza kwa kukaririsha. Neno letu "kinapikwa" huweza kuwa chakula kiko motoni sasa hivi, au kwamba mahali hapa chakula ni cha kupikwa kila siku; tukitaka kuondoa shaka tunayo "hupikwa" kwa mazoea. Kiingereza hakivumilii utata huo, hudai "is cooked" au "is being cooked". Na mtoto afarijike kusikia kwamba hiyo ya pili hata kwao ni ngeni kidogo, maana hata karne ya 18 Waingereza walikuwa wakisema nyumba "is building", kana kwamba nyumba inajijenga yenyewe, na ilipoenea "is being built" katika karne ya 19 wako wanachuoni wao walioikemea kuwa ni uharibifu wa lugha.

Liko pia la kuoa. Kwetu mume huoa na mke huolewa, na Kiingereza humpa kila mmoja wao "marry" ile ile ya kutenda. Binti akiandika kwamba Asha "was married by Juma", akidhani ametafsiri "ameolewa na Juma", Mwingereza aghalabu atafahamu kwamba Juma ndiye kadhi aliyefungisha ndoa, na bwana arusi ni mtu mwingine. Nani ana jedwali la kumwonya na hilo?

Wako watakaosema kwamba kauli yenyewe ya kutendwa haifai kitu, na watamtaja mwandishi Mwingereza George Orwell, ambaye katika makala yake ya mwaka 1946 aliwausia waandishi wasiitumie popote inapowezekana kutenda, ingawa katika sentensi ya kwanza kabisa ya makala ile ile ameitumia mwenyewe. Nakiri kwamba afisini kauli hii hutumiwa kama buibui: "imeamuliwa", "imeonekana", na aliyeamua na aliyeona hawaonekani. Lakini Kiswahili kimeijengea matumizi mengine, ya kumtanguliza aliyefikwa na jambo, na mtu aliyefiwa simwambii atafute kauli ya kutenda.

Basi, walimu wangu wa kidato cha kwanza, kesho mwingiapo darasani, liacheni lile jedwali ndani ya kabati walau kwa kipindi kimoja. Andikeni ubaoni "nimeibiwa", waulizeni watoto kila mmoja ameibiwa nini, kisha pamoja nao tafuteni njia ambayo Mwingereza angepita. Na yule atakayeandika "I was stolen" sahihisheni, ila msimcheke kabla ya kumwambia amelitoa wapi.

Baiskeli yangu haikuonekana tena.