Anthropolojia Si Elimu ya Mafuvu Pekee

Miongoni mwa masomo yanayodharauliwa katika vyuo vikuu vyetu, anthropolojia haikosi. Mzazi akisikia kwamba mwanawe ameitwa chuoni kuisomea, aghalabu huuliza itampatia kazi gani. Mwanafunzi naye huingia darasani akidhani kwamba atafunzwa habari za mafuvu ya kale na ngoma za vijijini, basi. Dhana hizi ni potofu, na yafaa walimu wa shule za upili wazing'oe mapema.

Anthropolojia ni elimu ya binadamu: umbile lake, mabaki aliyoyaacha ardhini, lugha yake na utamaduni wake. Nguzo ya utafiti wake ni kuishi na watu na kujifunza lugha yao. Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika Visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, alishikilia kwamba jamii haieleweki kwa mtafiti kuketi barazani kwa mtawala na kuwahoji watu kupitia kwa mkalimani.

Sisi tunaofundisha isimu twalijua hilo vyema. Chukua maneno ya ukoo. Waingereza humwita ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa neno moja. Kwa Kiswahili, ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, ilhali wa baba huweza kuitwa baba mkubwa au baba mdogo. Neno "baba" hapo halikuja kwa sadfa. Linadokeza haki na wajibu. Mwanafunzi anayeanza kuuliza ni haki zipi na ni wajibu upi, amekwisha kuingia katika anthropolojia.

Wako wasemao kwamba elimu hii ilikuwa mjakazi wa ukoloni. Hawajakosea kabisa. Okot p'Bitek, aliyeisomea Oxford, alilalamika waziwazi kuhusu walimu waliowaita Waafrika washenzi. Hata hivyo, hakuitupa. Aliwageuzia wataalamu hao maswali yao wenyewe. Kabla yake, Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski jijini London, na mwaka wa 1938 akachapisha Facing Mount Kenya, kitabu kilichotetea utamaduni wa Wakikuyu na haki yao juu ya ardhi. Kisu ni kile kile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mpini.

Na je, elimu hii ina faida gani leo? Tukumbuke kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia azikwe Nyalgunga, Siaya. Mvutano ulidumu hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufaa ilipouunga mkono ukoo. Mahakamani kuliulizwa maswali mazito: mila ya Waluo ni ipi? Je, humfunga msomi aishiye mjini? Ni nani mwenye idhini ya kuisemea? Maswali hayo hayajibiwi kwa vitabu vya sheria peke yake.

Hali kadhalika, maradhi ya Ebola yalipozishambulia Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka wa 2014, baadhi ya watu waliwaficha wagonjwa na kuwazika maiti wao kwa siri, kwa kuwa maziko ya haraka ya wahudumu wa afya yaliwanyima heshima waliyostahili. Wataalamu wa anthropolojia walishirikishwa, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maziko salama yenye heshima, yanayoihusisha familia. Daktari alikijua kirusi. Ilibidi pia ajulikane anayemlilia marehemu.

Nchi yetu ina migogoro ya ardhi, ya urithi na ya mazishi isiyokwisha. Kuwaachia wageni kazi ya kuichunguza ni kujidhulumu. Nawasihi walimu wasingoje vyuo vikuu. Mwanafunzi wa kidato cha pili na atumwe kwa nyanya yake kuuliza majina ya jamaa wote, nani hurithi nini, na ni lipi limebadilika tangu yeye aolewe. Aandike majibu kwa lugha ile ile aliyojibiwa, kisha ayalinganishe na ya mwenzake wa kabila jingine.